Laini ya Tatu

Mwanzo lilikuwa jambo dogo tu: kulikuwa na laini ya tatu inabisha hodi.

Fundi alisogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta. Laini alizipanga mwenyewe, na zilikuwa mbili. Kazi yake ndiyo hiyo, kuchukua laini mbili nyembamba za mawasiliano ziendazo kwenye tawi la ofisi yao na kuzifunga bunda moja. Ruta yake, mashine ya kuelekeza mawasiliano, huukata kila ujumbe vipande, vipande vikagawana laini, na ruta ya kule ikaviunga tena. Lakini kabla ya kupokeana, ruta huulizana neno la siri. Neno hilo walilijua watu wawili: yeye, na fundi wa tawini, ambaye ni mumewe wa ndoa.

Akampigia. "Mume wangu, umeunga laini nyingine huko?"

"Sijaunga kitu. Ni zile zile mbili."

Nyuma ya sauti ya mumewe mwanamke akacheka, taratibu, karibu kabisa na simu.

"Nani huyo?"

"Nani tena? Niko peke yangu, mke wangu."

Thubutu! Mwambie hivyo mwanamke mwenye wivu uone. Na wivu wake haukuanza siku hiyo. Kwenye harusi yake mwenyewe alimnunia mpiga picha kwa kumwambia bwana harusi atabasamu. Akakata simu. Kumbe kuna mtu kule anajiunganisha ili azungumze na mumewe!

"Unataka kuingia? Haya, ingia nikuone," alinong'ona, akaliondoa neno la siri. Hilo fundi mwenye akili timamu halifanyi, kwa maana ni kuacha mlango wazi. Lakini wivu hauna akili timamu.

Laini ya tatu ikaingia papo hapo. Mahali pa jina la anayeunganishwa palikuwa patupu. Ndipo chumba kile kisicho na dirisha, ambacho siku zote kilinuka vumbi na nyaya za moto, kikaanza kunuka waridi lililooza, na feni za ruta zikapunguza mvumo moja baada ya nyingine kana kwamba zinasikiliza, na simu ya mezani, ambayo sauti zake zilipita katika bunda lile lile, ikalia, naye akaipokea.

"Mke wangu," ilisema sauti ya mumewe, "leo nita..."

"...lala..." ilisema sauti ya mwanamke.

"...nyumbani," akamalizia mumewe, kama mtu asiyesikia lolote.

Fundi akakata, akampigia kwa simu ya mkononi shangazi yake, mtu wa kutoa majini. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jini mahaba haingii asipofunguliwa," akasema. "Nani alifungua?"

Fundi akaanza kumweleza habari za feni.

"Mtoto wee, mficha uchi hazai!"

"Ni mimi, shangazi. Nilitaka nimwone."

"Basi funga wewe mwenyewe, upesi, umwombe Mungu awe hajavuka upande wa pili."

Akaandika neno jipya la siri, kutoka moyoni: *wangu peke yangu*. Laini zote tatu zikakatika, kwa kuwa ruta ya kule haikulijua neno hilo. Harufu ikaisha, feni zikavuma, naye akalia kwa furaha. Neno lile hakumwambia mtu. Simu hakuiamini tena. Mumewe angenong'onezwa sikioni, nyumbani.

Mume alirudi jioni, kachoka, shati limekunjwa mikono kama kawaida yake. Mkewe alimkumbatia mlangoni. Ni yeye, mzima, mwenye joto lake lile lile. Moyo ukatulia.

"Nimebadilisha lile neno," alisema. "Sogea nikwambie."

Mumewe akainama, akaweka mdomo sikioni mwake kwanza. Harufu ya waridi ikampanda puani.

"Wangu peke yangu," alinong'ona mumewe, kwa sauti ya mwanamke, kisha akacheka taratibu.