Ngoma ya Kumbikumbi Ukutani

Ukitaka Apondi akununie wiki nzima, mtajie mchwa. Haki, mwanamke yule alifanya kazi ya unesi miaka kumi na mmoja, shifti juu ya shifti, mpaka akapata nyumba yake pale Doonside, ughaibuni. Halafu kiangazi kilichopita mchwa wakaingia ukutani mwa chumba chake cha kulala, wakaanza kuila nyumba kana kwamba wamealikwa.

Akamwita Kinuthia, Mkenya mwenzake ambaye kazi yake ni kuangamiza mchwa. Kinuthia akatega chambo chenye sumu, akaonya: "Dada, huo ukuta msiuguse. Mkiwashtua watahamia upande mwingine, na chambo hawatakila tena. Nyumba itaisha hivi hivi."

Clifford, mume wa Apondi, alikuwepo. Alisikia kwa masikio yake mawili.

Jumamosi mchana Apondi alitoka kazini, akakuta ngoma inalia chumbani. Clifford amechuchumaa mbele ya ukuta na vijiti viwili, anaupiga vile wanavyopiga kwao Ugenya kando ya kichuguu, ili kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke, wakaangwe. Simu ameiegemeza kitini inamrekodi, eti awatumie ndugu zake wacheke.

"Clifford! Una akili kweli?"

"Tulia, mama. Ni mchezo tu."

"Unachezea nyumba yangu? Mtu mzima ovyo!"

Akampokonya vijiti, akavivunja gotini. 

Ngoma haikukoma.

Ilitoka ndani ya ukuta. Mdundo uleule wa Clifford, hata pale alipokuwa akikosea. Kisha ikaacha kukosea.

Clifford akarudi nyuma. "Apondi," akanong'ona, "nyanya alitukataza kupiga pasipo na kichuguu. Alisema watakaoitika si kumbikumbi."

"Na ukapiga?"



Mtu mwingine angekimbia. Apondi hasira zilimpanda, akauzaba ukuta kofi. "Nyumba hii ni yangu! Nimeitolea jasho! Tokeni!"

Kimya. Hata mchwa hawakusikika tena.

Jumatatu asubuhi Kinuthia akaja, akabandua ubao wa ukuta. Hapakuwa na mchwa hata mmoja. Ndani kulikuwa kumekandikwa udongo mwekundu, kwa viganja. Alama za viganja vidogo. Zimepangana kuanzia sakafuni hadi darini, na udongo ulikuwa mbichi.

"Hii si kazi yangu," Kinuthia alisema kwa sauti ya chini. Akaondoka, ngazi yake akaiacha.

Apondi alisimama pale, machozi ya hasira yakimlengalenga. Miaka kumi na mmoja! Akageuka amtolee mumewe yote yaliyomjaa moyoni. Macho yakamtua kitandani.

Alama moja ya kiganja ilikuwa upande wa huku. Chumbani, juu kidogo ya mto wake. Udongo wake ulikuwa bado unachuruzika.