Sarafu Isiyo na Jina

Sarafu ikisuguliwa hupungua uzito. Mjane alilijua hilo, maana miaka ishirini na tatu alimshikia taa mumewe, naye akisoma majina ya makaisari wa Rumi kwenye vipande vya shaba vilivyolika. Majirani walimwita Bwana Kaisari, naye alicheka tu. Lakini leo mizani ndogo ilisema gramu nne. Jana ilisema tatu na nusu.

Aliigonga mizani kwa kidole. "Umezeeka kama mimi," aliiambia.

Marehemu aliacha sarafu mia mbili na kumi, kila moja kwenye bahasha yenye jina la kaisari wake. Moja tu haikuwa na jina. Uso wake ulikuwa umezama kwenye kutu ya kijani, na juu ya bahasha marehemu aliandika: *Ilitoka kinywani mwa maiti. Isisafishwe.* Mjane aliona hayo ni ya wakusanyaji, watu wanaoogopa kuharibu kutu kuliko kuharibu ndoa. Yeye alitaka tu kuimaliza kazi ya mumewe, ampatie huyo wa mwisho jina. Akailoweka kwenye mafuta ya zeituni, na kila siku baada ya sala ya alasiri akaisugua kwa mswaki laini.

Siku ya tano likatokea sikio. Siku ya saba ikatokea pua yenye kovu. Mswaki ukamponyoka. Kovu lile alilibusu siku mumewe alipovishwa sanda.

"Mama, chumba kinanuka udongo mbichi." Binti yake alisimama mlangoni, gauni limemning'inia kama la kuazima.

"Umekula?"

"Nakula, Mama. Hakikai mwilini."

Mjane akamwambia ni majonzi tu, yatapita, akarudi kusugua, kwa kuwa lilibaki shavu, na kwa kuwa ndani ya kikombe cha mafuta meno yalikuwa yakigongana, taratibu, kama ya mtu mwenye neno asiyepewa ruhusa ya kulisema, na yeye, Mungu amsamehe, alikuwa ameanza kuingojea sauti ile kuliko adhana.

Gramu tano. Gramu sita. Binti hakuweza tena kuinuka kitandani.

Maalimu, rafiki wa marehemu, alipoitwa aliisoma bahasha. Sarafu hakuigusa.

"Shemeji, mumeo hakuwa mjinga. Usimwamshe aliyelala."

"Ni yeye, Maalimu. Tazama kovu."

"Jini huvaa uso unaoulilia." Akashusha sauti. "Na kinachomnenepesha kiko kitandani kule, kinakwisha. Chagua."

Alichagua. Walichimba nyuma ya nyumba, Maalimu akisoma. Alipoishusha shimoni mjane aliitazama mara moja, kuaga. Ilikuwa tupu, haina uso tena, laini kama ukucha. Akamshukuru Mungu kwa kumwondolea jaribu.

Kesho yake mchana binti aliketi mezani mwenyewe, akamaliza sahani mbili. Mjane alilia kwa furaha.

"Nigeukie nikuone, mwanangu."

Binti alitabasamu, lakini aliendelea kuutazama ukuta, shingo imekakamaa, na mjane alipozunguka meza ili amwone usoni, binti naye akazunguka juu ya kiti, polepole, akimwonyesha shavu lilelile moja, na kati ya tonge na tonge meno yake yaligongana.