Kona Iliyokataa Fishabodi

Lori lilimshusha Protasi njia panda ya Mabawe jua likiwa limeshaingia Burundi. Kabla hata hajapangusa vumbi, akatukana. Hakumtukana mtu. Aliitukana kona ya nyumba yake mwenyewe.

Fundi mzima! Maduka ya watu kuanzia Ngara mjini mpaka Runazi yamesimama kwa mikono yake, halafu kwake kona moja ya nyuma, chini ya dirisha la mama yake, inamfanya aonekane mwanagenzi. Kila alipopiga fishabodi, ule ubao wa kuziba ncha za kenchi za paa na kushikilia gata la maji ya mvua, pande zote zilikaa. Kona ile haikukaa. Alianza na mkaratusi, ukaoza mvua zikiwa ndiyo kwanza zinachanganya. Akaweka mwingine akaupaka oili chafu, mchwa wakaula na oili yake. Mwisho akajitutumua akapiga mninga. Asubuhi akaukuta chini, mzima, na misumari yake imelala pembeni, imenyooka, kama mtu kaichomoa kwa vidole.

Majirani walicheka mpaka wakachoka. Yeye hakucheka, maana gata lisilopita kona ile haliwezi kufikisha maji kwenye pipa, na pipa likikosa maji ni Febronia anashuka bondeni. Miaka ile ya wakimbizi chemchemi zote zilikuwa zimekanyagwa, mwanamke anapanga foleni kwenye tope na kupanda na ndoo yake kilima kizima. Mimba mbili zilimharibikia Febronia kwenye mteremko ule ule, ndoo kichwani. Sasa Mungu kawapa Iteka, binti wa kwanza, bado mchanga. Protasi aliapa mbele ya kitanda cha hospitali kwamba mke wake hatateremka tena kule. Kwa hiyo msione anagombana na ubao mkadhani ni wazimu.

Ndiyo maana siku hiyo alikwenda Benaco, palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi. Wanyarwanda walikuwa wamerudi kwao, lakini vitu vya mashirika vilibaki vikiuzwa kila kibanda, na Hakizimana, muuzaji mmoja mwenye maneno mengi, alikuwa na fishabodi za plastiki.

"Chukua hizi pana nyembamba, fundi. Nyepesi, zinang'aa."

Protasi alibonyeza moja kwa kidole gumba, ikalia kama debe. "Hizi zipeleke kwa mwenye nyumba mpya. Yangu aliijenga marehemu baba, kenchi ni milunda, miti isiyopasuliwa, kila ncha na kimo chake. Ubao laini utafuata mawimbi hayo, gata litabeba maji katikati kama bwawa."

"Basi hizi nene."

"Urefu wake?"

"Unaziba hata aibu zako."

Protasi hakuwa na hamu ya utani. Alizigeuza moja moja, akachungulia mstari wake kwa jicho moja, akakataa zilizopindwa na jua, akagombana naye kuhusu bei mpaka wakatukaniana ukoo, wakapatana. Plastiki haibebi gata peke yake. Alijua atatanguliza ubao nyuma yake, na kwenye maungio ataacha nafasi, kwa kuwa jua huitanua. Yote hayo aliyajua.

"Hii haiozi, hailiwi," Hakizimana alimwambia wakati wa kuzifunga. "Itakuzika wewe, yenyewe ibaki."

Nyumbani alimkuta mama yake, Ildefonsa, ameketi dirishani. Tangu kiangazi miguu ilikuwa imemkatalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Dawa ya kona yako."

Bibi kizee akautazama mzigo. Kisha akasema yale yale anayosema siku zote. "Mwanangu, ile kona niachie wazi."

"Kwa nini, mama?"

"Niachie tu."

"Sababu!"

"Basi nimwagie kibuyu kimoja pale chini. Mimi siwezi kutoka."

Loo! Hilo ndilo lililomchoma Protasi. Miaka yote mama yake alikuwa na tabia hiyo. Jioni anatoka na kibuyu, anamwaga maji safi chini ya paa, kona ile ile, maji ambayo mkewe ameyabeba kwa shingo yake. "Humu ndani hakuna tone la kumwaga," alisema kwa ukali ambao haufai mbele ya mzazi. "Na kona naiziba kesho."

Akaiziba. Nyundo ilipigwa kutwa, na jioni nyumba ile kuukuu ilikuwa na ukanda mweupe kuizunguka, umenyooka. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yalikimbia kwenye gata yakiimba, yakapita kona, yakaanguka kwenye pipa. Febronia alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akacheka kicheko ambacho Protasi hakuwa amekisikia tangu siku ya harusi yao.

Mvua ilipokatika, kiza kikiwa kinaingia, alizunguka nyuma kwenda kujitazamia kazi yake.

Uwanja wote ulikuwa tope. Chini ya kona, ardhi ilikuwa kavu.

Halafu akasikia harufu. Tope la bondeni... mafunjo yaliyooza...

Mwanamke alikuwa amesimama pale, ameegemea ukuta. Kitenge chake kilikuwa kinachuruzika. Mgongoni alikuwa amefunga mbeleko, fundo limekazwa kifuani kama la mama yeyote mwenye mtoto.

Mbeleko ilikuwa bapa. Haina kitu.

"Mpa amazi," alinong'ona. Ni Kirundi, ila Mabawe hakuna asiyejua mtu anayeomba maji.

"Karibu, mama. Pipa lile, chota tu."

Mwanamke akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole chini, kwenye udongo mkavu miguuni pake.

"Hapa."

Protasi alidhani ni mgonjwa aliyetoroka kambini. Akaingia ndani kuchukua kikombe. Aliporudi hakukuwa na mtu. Akainama kutafuta nyayo kwenye tope. Za kwake ziliingia na kutoka. Nyingine hakuziona.

Hakumwambia mtu. Angesema nini?

Usiku huo huo Iteka alianza kulia. Ananyonya, anaachia, analia. Kesho yake hivyo hivyo. Nesi wa zahanati alimwambia Febronia ale vizuri na kunywa uji. Alikunywa uji mpaka akaukinai. Mchana maziwa yalikuja. Usiku yalitoweka. Mtoto akaanza kunyauka mbele ya macho yao, ngozi ya mikono ikilegea, sauti ikififia, na Protasi akazunguka nyumba nzima akitafuta cha kupiga teke. Hasira zilimjaa na hakuwa na wa kumgombeza. Ametoa jasho lake, maji yamejaa pipa, mke hashuki bondeni, na mtoto anamfia kitandani!

"Baba Iteka," Febronia alimnong'oneza jioni moja, macho yamemtumbukia. "Jioni yanajaa mpaka yanauma. Nikipitiwa na usingizi kidogo tu, nikishtuka yamekauka."

"Ni uchovu."

"Si uchovu. Kuna anayemtangulia mwanangu."

Protasi alisimama. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama yake, akafunga mlango.

"Mama, nani yuko chini ya ile kona?"

Ildefonsa aligeuka kutoka dirishani. Nje radi ilikuwa inanguruma upande wa Burundi.

"Umemwona?"

"Nimemwona mwanamke. Ana mbeleko tupu."

Bibi kizee akajifunika uso kwa khanga. Na hapo ndipo aliposema, kwa sauti ya chini ambayo Protasi aliinama kuisikia.

"Mwaka ule Warundi walipovuka, wewe ulikuwa Runazi unajenga. Alikuja jioni, mvua inanyesha. Alikuwa amejificha kwenye mafunjo na mtoto, siku nyingi, hali wala hanywi. Woga ulimkausha maziwa. Alifika pale konani hawezi hata kubisha hodi. Nilipotoka nilimkuta anamkingia mtoto matone ya paa, kwa kiganja. Mtoto alifungua mdomo... tone likaingia... hakumeza." Akavuta pumzi. "Akaniambia, mama, mzike hapa hapa, maji yamfikie. Nikamzika. Nikaahidi mvua ikikosekana nitamwagia mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nimezika kichanga cha watu ukutani kwangu? Na macho yangu haya mekundu ya moshi? Hujui vikongwe wanavyokatwa mapanga huko kwa wenzetu? Wewe mwenyewe ungeniita mchawi."

Na ni kweli, Protasi angemwita.

"Na yule mama yake?"

"Alifia kambini mwaka haujaisha. Kuhara damu. Niliambiwa na waliomzika."

Tone la kwanza la mvua liligonga bati.

Protasi alitoka mbio. Akaegemeza ngazi, akapanda na nyundo, akaingiza kucha ya nyundo kwenye msumari wa kona ili aung'oe.

Haukutoka.

Akavuta kwa uzito wake wote. Msumari haukutikisika. Misumari ile ile, ukuta ule ule, ambao miaka yote ulikuwa unamtemea mbao zake! Akapiga plastiki kwa nyundo, nyundo ikadunda. Nene. Ngumu. Aliichagua mwenyewe, kwa jicho moja, akazikataa zote dhaifu. Maji yalikuwa yanapita kwenye gata chini ya pua yake, yanakwenda kwenye pipa, na ndani ya nyumba sauti ya Iteka ilikuwa imebaki kama ya paka aliyefungiwa mbali.

Chini ya ngazi, kwenye udongo mkavu, kitu kilikuwa kinapumua.

Kifupi kifupi... kama mtoto aliyelia akachoka.

Akateremka bila kuangalia chini, akachukua msumeno wa chuma, akapanda tena. Alikata fishabodi, akakata gata, akakata na ubao wa nyuma, huku analia kwa hasira bila kuona haya. Kipande kilipodondoka, maji yaliporomoka pale konani kwa kishindo.

Ndipo akasikia.

Gudu... gudu... gudu...

Ardhi ilikuwa inakunywa. Hapakuwa na dimbwi wala povu. Maji yote yaliingia pale pale yalipoangukia. Aling'ang'ania ngazi mpaka sauti ikapoa, na mwisho dimbwi dogo la kawaida likatokea.

Usiku ule Febronia alinyonyesha mpaka Iteka akacheua.

Protasi alilihamisha pipa upande wa mbele, akaelekeza gata huko, kona akaiacha wazi. Majirani waliona nafasi ile kwenye ukanda mweupe wakacheka tena, fundi gani huyu. Aliwaacha wacheke. Kiangazi kilipofika, kila jioni alimwaga kibuyu, na hakuna aliyemuuliza sababu. Iteka akanenepa, akaanza kutambaa.

Kisha ikaja ile siku ya kazi Runazi, lori likapata pancha njiani, na Protasi akafika nyumbani kiza kikiwa kimeshaingia. Alikwenda kwanza kwenye pipa. Limekauka, kata imelala chini. Bondeni hakuna aliyeteremka. Si alikataza mwenyewe?

Akazunguka nyuma. Udongo wa konani ulikuwa umepasuka.

Barazani, alikozoea kubebwa kupunga upepo, mama yake alikuwa amesinzia kwenye mkeka, na Iteka amelala fofofo pembeni yake, kidole mdomoni. Protasi akashusha pumzi. Akamwinua mtoto taratibu, akamlaza begani, akamsikia akipumua shingoni pake, akaingia naye ndani. Alisukuma mlango wa chumba. Taa haikuwa imewashwa.

"Baba Iteka, ni wewe?" Febronia alinong'ona kutoka kitandani, sauti nzito ya usingizi. "Usiwashe taa, utamshtua. Ndiyo kwanza ananyonya."