Boksi la Nne la Besi

Jumapili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, taa nyekundu iliwaka kwenye amplifaya ya besi. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo wa pili. Waimbaji waliendelea. Kinanda kiliendelea. Besi ilikuwa imekatika.

Tumpale, mpiga gitaa la besi, aliizima amplifaya, akasubiri kidogo, akaiwasha. Ilipiga mistari miwili, ikajizima tena. Aliigusa. Ilikuwa ya moto kama pasi. Aliweka gitaa chini, akaimba na wenzake mpaka ibada ikaisha.

Kanisa lao liko Tunduma. Lina jumuiya tatu: Sogea, Majengo na Mpemba. Kila jumuiya ilitoa boksi moja la spika ya besi na kuandika jina lake mbele kwa rangi nyeupe. Maboksi ya Sogea na Majengo yalikuwepo tangu mwaka jana. La Mpemba lililetwa Jumamosi. Lilitengenezwa na Barnaba, fundi seremala, mume wa Tumpale.

Baada ya ibada, Mzee Isaka, mwenyekiti wa kwaya, alimsimamisha Barnaba mlangoni.

"Fundi, mwaka mzima tumepiga na maboksi mawili. Hatujazimika hata siku moja. Leo tumeunga la kwako, tumezimika mara mbili. Niseme nini?"

"Boksi langu ni zima, mzee."

"Au ulifikiri unatengeneza kabati la vyombo?"

Watu walicheka. Barnaba hakucheka. Mmoja wa waliokuwa pale alikuwa amemwagiza maboksi mawili ya ukumbi wa harusi. Jioni mtu huyo alipiga simu. Alisema kazi yake isimame kwanza.

Barnaba aliweka simu mezani. Tumpale alikuwa akipakua ugali.

"Baba Lusubilo, sikukuu ya mavuno ni wiki mbili tu. Kwaya za makanisa jirani ya Ruanda na Msangano zinakuja. Tuliondoe tu boksi lako, yaishe?"

"Likiondoka bila kupimwa, limeshahukumiwa. Nani ataniletea kazi tena? Lipimwe. Likiwa bovu, nitalipasua mwenyewe tupikie maharage."

Jumanne alasiri walimleta Nesta kanisani. Nesta ni fundi wa redio na spika. Kibanda chake kiko karibu na mpaka, na wateja wake hutoka pande zote mbili. Mzee Isaka naye alikuja, mikono nyuma.

Nesta hakuanza na maboksi. Aligeuza amplifaya akasoma maandishi ya nyuma.

"Dada Tumpale, hapa pameandikwa nini?"

"Omu nne au zaidi. Tumeliona hilo siku zote. Hatujui maana yake."

"Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme usipite ovyo. Namba ikiwa kubwa, umeme unapita kidogo. Ikiwa ndogo, unapita mwingi. Hii amplifaya inasema: msinipe mzigo ulio chini ya omu nne."

Kisha alichomoa waya zote, akapima boksi moja moja kwa mita ya umeme. La Sogea lilisoma sita. La Majengo lilisoma sita. La Mpemba lilisoma sita.

"Yote ni ya omu nane," alisema Nesta.

"Mbona mita inasema sita?" aliuliza Mzee Isaka.

"Mita hupima spika ikiwa kimya. Spika ya omu nane husoma sita hivi. Ni kawaida. Boksi la Barnaba ni zima, sawa na mengine."

Barnaba alimtazama Mzee Isaka.

"Sasa kosa liko wapi?" Mzee aliuliza.

"Mliungaje?"

"Kila boksi na waya wake, yote kwenye amplifaya," alijibu Tumpale.

"Huko ndiko kuunga sambamba. Fikirieni mageti ya mpakani. Geti moja likiwa wazi, malori yanapita machache. Fungua mawili, yanapita maradufu. Fungua matatu, askari anazidiwa. Kila boksi ni geti. Amplifaya ndiyo askari."

Alichukua chaki, akaandika sakafuni. Maboksi yenye omu sawa yakiungwa sambamba, omu za boksi moja hugawanywa kwa idadi ya maboksi. Nane kwa mawili ni nne. Nane kwa matatu haifiki hata tatu.

"Mawili yalikuwa sawa kabisa na maandishi haya. La tatu, hata lingetoka kwa fundi gani, lingeshusha namba chini ya nne. Amplifaya ilipata moto, ikajizima ili isiungue. Mngeendelea kuilazimisha, ingekufa."

"Basi tuunge mawili," alisema Barnaba.

"Mawili ya nani?" Mzee Isaka alidakia. "Niwaambie Sogea boksi lao likae stoo? Au Majengo? Sikukuu yenyewe hiyo? Watanila mzima!"

"Umeme haujui jumuiya, mzee," alisema Nesta.

"Mimi nazijua!"

Wote walicheka, Mzee mwenyewe pia. Nesta aliandika tena.

"Kuna kuunga kwa mfululizo. Umeme unapita boksi la kwanza, ndipo uende la pili. Hapo omu zinajumlishwa. Matatu yakipangwa hivyo ni ishirini na nne. Ni salama, lakini besi itapungua nguvu. Mkipata la nne, ni jambo jingine."

Barnaba aliinama juu ya chaki. "Mawili kwa mfululizo ni kumi na sita. Mengine mawili, kumi na sita. Halafu jozi hizo mbili sambamba... kumi na sita kwa mbili. Nane!"

"Nane," alisema Nesta. "Na amplifaya inataka nne au zaidi. Lakini spika ya nne iwe ya omu nane na yenye nguvu kama hizi. Usichanganye."

Kwaya ilinunua spika. Barnaba alitengeneza boksi kwa siku nane. Halikuwa la jumuiya yoyote, kwa hiyo mbele hapakuandikwa kitu.

Jumamosi kabla ya sikukuu, Nesta aliunga maboksi yote manne, waya nyekundu na nyeusi kila moja mahali pake. Kabla ya kuwasha, alimpa Tumpale mita apime mwenyewe maboksi yote kwa pamoja.

"Sita," alisoma Tumpale. "Kama boksi moja."

"Washa."

Siku ya mavuno kwaya ya Tunduma iliimba nyimbo saba mfululizo. Besi ilisikika hadi barabarani. Taa nyekundu haikuwaka. Wimbo wa saba ulipoisha, Tumpale aliweka kiganja juu ya amplifaya. Ilikuwa vuguvugu. Mwalimu wa kwaya ya Ruanda alikuja kuuliza maboksi yale yametoka nchi gani.

"Hapahapa," alisema Tumpale. "Mawili ya mwisho ni ya mume wangu."

Mwenye ukumbi wa harusi alisikia. Alimwendea Barnaba akaagiza maboksi manne badala ya mawili.

Saa kumi jioni Mzee Isaka alirudi na kopo la rangi nyeupe. Alipiga magoti mbele ya boksi la nne, akaandika polepole: FUNDI BARNABA, TUNDUMA.