Magugu Yaliyosukumwa Ng'ambo

Ndugu zangu, nisikilizeni niwaeleze yaliyoikuta nyumba ya jirani yangu, fundi boti, mtu wa sala na mwenye huruma. Asubuhi ile alikuwa barazani akipiga randa ubao, mkewe akichagua mchele. Simu ilikuwa katikati yao, sauti juu. Binti yao, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, katika nchi jirani, alikuwa akiwachekesha.

"Mjukuu wenu anapiga mateke kama kafungiwa ndani."

"Mwambie atulie," fundi akasema. "Babu yake bado anamchongea kitanda."

Hawajamaliza kucheka, wavuvi wakaingia. "Fundi, yamerudi."

Magugu maji yalikuwa yametanda gatini. Magugu hayo huota pande zote mbili, na dawa yake ni kuyang'oa na kuyaanika nchi kavu. Watu wa ng'ambo walishatuma wajumbe: tupange siku moja, tuyatoe wote. Fundi, mwenyekiti wa gati letu, aliwajibu, "Anzeni kwenu, tutawaona." Basi ikawa desturi kuyafunga kamba na kuyakokota kwa boti mpaka nje ya maboya ya mpakani. Upepo ulimaliza kazi. Ulipogeuka, wenzetu nao waliyarudisha.

"Leo tunawapelekea mzigo wao na chenji juu," fundi alisema. Watu wakacheka, wakamwita Kamanda.

Mkewe hakucheka. "Sasa, Kamanda, huko unakoyapeleka si ndiko aliko mwanao?"

"Mama, haya ni mambo ya mpaka. Mwanangu hali magugu."

Wakayasukuma yote, jioni gati letu likawa jeupe.

Kesho yake binti akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Zahanati ya kwao ikashindwa kumsaidia, ikasema apelekwe hospitali ya upande wetu. Kwa boti ni karibu. Kwa barabara ni kulizunguka ziwa kutwa nzima. Mkwe akapiga simu.

"Baba, tumekwama. Magugu yamefunga gati lote. Injini ikiwashwa tu, yanajisokota kwenye pangaboi."

Fundi alitoka na boti yake bila viatu. Alipokaribia ng'ambo, magugu yakamzuia naye, akashika panga akaanza kukata. Upande wa pili wanaume wa ng'ambo walikuwa wakikata kumfuata yeye. Wenzangu, siku hiyo ndiyo waliyofanya kazi pamoja, wote wakilia. Walipokutana na binti akahamishiwa boti ya baba yake, jua lilikuwa limeshapinda.

Binti Mungu alimbakiza. Mtoto alizaliwa humo botini, hakulia.

"Baba," binti alisema, "jana asubuhi haya magugu hayakuwepo."

Fundi akaendelea kushika usukani.

Sasa pande zote mbili hutoka siku moja kuyang'oa na kuyakokota nchi kavu, na fundi ndiye wa kwanza kuingia majini. Hakuna anayemwita Kamanda tena. Wakati mwingine huacha kukokota, akasimama majini, na watu humpisha.

FUNZO

Ziwa aliliumba Mungu, maboya tumeyatia sisi. Uchafu unaousukumia kwa jirani haujaondoka. Umekwenda kukaa mlangoni kwa mtu, na huenda mtu huyo ni wako. Nchi jirani zikiitana kusafisha maji, hewa au msitu wa pamoja, itikeni siku hiyo hiyo. Fundi aliitika baadaye, na mjukuu wake hakuweza kumsubiri.