Gari Lililotangulia Nyumbani

Haya yalimfika Gerson, dereva mwenzetu wa Masasi, miaka ile wanunuzi binafsi walipojaa kwenye korosho. Tajiri wake alifunga garini kifaa cha ramani kinachomwelekeza dereva njia kwa sauti, na papo hapo kinaiambia ofisi gari lilipo. Gerson hakukipenda. Hata akipita Chidya kumsalimu mama yake, ofisini walijua. Lakini kilimwepusha kupotea mashambani, akakivumilia.

Jioni moja, akirudi kutoka Newala amechoka hoi, ukungu ulimfunika karibu na Mkunya. Akaegesha, akazima injini. Kukawa kimya, ila matone tu yakidondoka kwenye mikorosho.

Simu ikaita. Alikuwa Oliva wa ofisini.

"Baba Grace, leo umewahi. Nakuona umeshafika kwako."

"Dada Oliva, niko Mkunya. Sioni hata boneti."

"Ramani inasema gari liko uani kwako."

Gerson alishachoka kubishana na kifaa kile. Ila moyo haukutulia, akampigia mkewe.

"Mama Grace, mko salama?"

"Unanipigia simu nawe uko hapo nje?" mkewe akacheka. "Nimesikia ukizima gari. Grace ametoka kukupokea."

"Mwite mtoto arudi ndani. Mwite sasa hivi."

Kabla mkewe hajaita, Gerson akamsikia Grace kule uani akisema, "Shikamoo, baba."

Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe, yenye uchovu uleule, ikiitikia taratibu: "Marahaba, mwanangu."