Dawa Ndani ya Soksi

"Baba Kisoda, njoo! Mbwa anayumba kama mlevi!"

Mume wangu alitoka chumbani, povu la kunyolea bado liko shavuni. Kisoda, kijibwa chetu cha kilo tatu, alijaribu kusimama kwenye vigae vya jikoni, akaanguka ubavu. Nikamfunua mdomo. Fizi zilikuwa zimepauka.

Hatukujaliwa mtoto. Majirani walianza kutuita baba na mama Kisoda kwa utani. Tukaitika, jina likashika.

Namba ya daktari wa mifugo niliibandika mwenyewe kwenye mlango wa friji. Nikapiga.

"Daktari, Kisoda amelegea ghafla. Nimkorogee maji ya chumvi atapike?"

"Usithubutu, mama! Wala maziwa. Aliyelegea akitapika, matapishi yataingia mapafuni. Amekula nini?"

"Hakuna. Kwangu kila kitu kiko juu. Hata ndoo ya taka nimeiwekea jiwe."

"Tafuteni vizuri. Mkiona pakiti ya chochote, njooni nayo. Haraka!"

Chini ya kitanda niliona soksi ya mume wangu imetafunwa. Hilo halikunishtua. Kisoda alikuwa mwizi wa soksi tangu utotoni.

Njiani mume wangu aliendesha gari kwa kasi, mimi nimempakata Kisoda. Simu yake ikalia, ujumbe umeingia. Niliusoma kwa jicho la pembeni, kama nilivyousoma wiki iliyotangulia, na ile ya kabla yake:

"Jumatano saa nne. Usikose, tafadhali."

Namba haikuwa na jina. Nikameza uchungu wangu, nikaendelea kumpapasa mbwa.

Daktari alimlaza Kisoda mezani, akamsikiliza kifuani.

"Moyo unapiga polepole mno. Kuna kitu amemeza. Mkiniambia ni nini, najua pa kuanzia. Msiponiambia, ninapapasa gizani, na muda hana."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Baba Kisoda?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti ya vidonge iliyotobolewa kwa meno.

"Ni vyangu," alisema. "Vilikuwa vimebaki vitatu."

Daktari akaisoma. "Vya moyo. Amevimeza lini?"

"Haijapita saa nzima."

"Subirini nje."

Tukakaa kwenye benchi. Kupitia mlangoni nilimwona daktari akimtundikia Kisoda dripu.

"Pakiti uliiokota wapi?"

"Chumbani. Wakati unapiga simu."

"Ukakaa nayo mfukoni njia nzima? Mtoto anakufa mikononi mwangu?"

"Niliogopa. Nisamehe."

"Una moyo tangu lini?"

"Nimezaliwa nao."

"Usinitanie leo!"

"Miezi mitano," alisema polepole. "Nilificha dawa ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu. Nilijua wewe huwezi kugusa viatu vyangu."

"Na huyo wa Jumatano?"

"Muuguzi wa kliniki ya moyo. Hunikumbusha."

"Nilidhani ni mwanamke wako."

"Nilijua unadhani hivyo. Nikakuacha udhani."

"Ukaniacha nidhani?"

"Nilijisemea, bora anichukie. Mtu unayemchukia humlilii sana."

Nilimpiga ngumi ya bega, kisha nikaliegemea bega lilelile nikalia.

"Mjinga wewe."

"Mjinga wako."

Jioni daktari alitoka akifuta mikono.

"Atapona. Ila sikieni. Binadamu akitaka kuficha kitu hukiweka chini. Na chini ndiko mbwa anakoishi. Dawa ziwekwe juu, zifungwe."

Tangu siku hiyo dawa zilikaa kwenye kopo juu ya friji. Kila asubuhi nilizishusha mwenyewe. Kila Jumatano tulikwenda pamoja, Kisoda akibaki dirishani anabweka.

Tulipata miezi saba. Asubuhi moja nilishusha kopo, nikamwita mume wangu, Kisoda akaja peke yake.

Siku chache baada ya mazishi, simu ya marehemu ikalia mezani:

"Jumatano saa nne. Usikose, tafadhali."

Nikaichukua. Kisoda alikuwa miguuni pangu, kalalia soksi ambayo sijaifua. Nikaandika:

"Dada, ni mama Kisoda. Mwenzangu ametutoka. Kabla sijakufahamu nilikuchukia sana, wala hukuwa na kosa. Nisamehe."

Jibu likaja:

"Pole sana, mama. Sikupata habari. Hilo neno tafadhali aliniomba yeye niliweke. Alisema bila hilo hatakuja, mke wake amemdekeza."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu tumzike, nilicheka mpaka Kisoda akaamka, akaiacha soksi yake, akapanda kuniramba machozi.